Nilisema 'Ndiyo' Kabla ya Kupiga Hesabu

Wewe unayesoma hapa, hebu sema ukweli. Siku ulipopigiwa simu ya "hongera, umepata kazi", ulijibu nini? Mimi nilijibu, "Asante sana, nimekubali." Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ofisi, karibu kabisa na mlango wa choo, nimeziba sikio moja kwa kidole ili nimsikie vizuri yule dada wa idara ya utumishi. Aliposema mshahara ni milioni 1 na laki 9, masikio yote mawili yakaanza kuvuma. Sikuuliza hata swali moja. Simu nzima haikufika dakika tatu.

Ilikuwa Machi 2025. Nilikuwa na miaka 31, afisa manunuzi katika kampuni moja jijini Dar es Salaam, mwaka wangu wa tano pale, mshahara milioni 1 na laki 4. Kazi mpya ilikuwa Dodoma. Cheo kikubwa zaidi, watu watatu chini yangu, na laki 5 nzima juu ya nilichokuwa napata. Laki 5 jamani! Nani wa kuringa hapo?

Kinachochekesha ni kwamba kazi yangu mimi ni kupatana bei. Ndicho ninacholipwa. Msambazaji akileta ankara yake, mimi ndiye namwambia, "Kaka, hii hatuiwezi, kaa uiangalie upya." Hata siku za mapumziko siachi. Nikienda Kariakoo kutafuta kitenge, mwenye duka akitaja 40,000 mimi naanzia 20,000, na tukimaliza ananiambia, "Dada, leo umenimaliza." Lakini siku ya kuuza nguvu zangu mwenyewe, nikakubali bei ya kwanza iliyotajwa. Tena kwa furaha.

Baadaye ndiyo nikagundua kosa nililifanya mapema zaidi, kwenye usaili. Waliniuliza, "Kwa sasa unalipwa kiasi gani?" Nami kama mtoto mtiifu nikataja mpaka senti ya mwisho. Sasa niambie, Kariakoo kuna mteja anayeingia dukani akitangaza kilichomo kwenye pochi yake? Wale watu hawakunipa bei ya kazi. Walinipa mshahara wangu wa zamani, wakaongeza sukari kidogo.

"Unaniuliza au unanitangazia?"

Jioni ile nilipita kununua chipsi kuku na soda mbili kubwa, nikarudi nyumbani Tabata nikiimba. Mume wangu alikuwa ameshafika, amevua tai, anaangalia taarifa ya habari. Yeye anafanya kazi benki. Nikamwaga habari zote kabla hata sijavua viatu.

Akasema, "Hongera sana, mke wangu." Akaweka soda chini. Kisha akauliza, "Umeshawajibu?"

"Ndiyo. Nimekubali."

Akaniangalia. "Kwa hiyo hapa unaniuliza au unanitangazia?"

Kuku alipoa mezani. Usiku ule tulilala kila mtu akiangalia ukuta wake.

Nikajiambia najua tatizo ni nini. Wanaume, si mnawajua? Mshahara wangu mpya ulikuwa unapita wa kwake. Nikaanza kuandaa hotuba kichwani: kwamba hizi si enzi za babu zetu, kwamba hela ikiingia ndani ni yetu sote, kwamba yeye ndiye kila siku ananiambia nisome, nipande. Hotuba nzuri kweli. Tatizo lake moja tu, ilikuwa inajibu jambo ambalo mwenzangu hakulisema.

Kesho yake nikampigia mama. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu, na katika maisha yake yote hajawahi kumuuliza mwajiri swali. "Mwanangu," akasema, "mkataa pema pabaya panamwita. Vijana wangapi wana digrii zao wanauza vocha? Wewe umepewa, unaanza maneno! Wakisikia unasitasita watampa mwingine." Nikaona hapo mama yuko upande wangu. Ila nilipokata simu, tumbo bado lilikuwa limekaza.

Siku ya tatu ndipo nikamuuliza mume wangu vizuri, bila hotuba. Tulikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nafuta.

"Ni ule mshahara?"

"Mshahara?" Akashangaa kweli. "Ningekuwa na shida na mshahara wako ningekusaidia kuandika barua ya maombi?" Akafunga bomba la maji. "Mimi shida yangu ni kalenda. Tulisema mwaka huu tunajaribu tena. Sasa wewe Dodoma, mimi Dar. Tutajaribu kwa simu?"

Nikacheka, halafu nikalia. Naye akaniacha nilie.

Msomaji, ngoja nikueleze. Mwaka 2024 tulipoteza mimba ya wiki 11. Siku mbili hospitali, daktari mpole, bima ya kazini ikalipa kila kitu. Nilirudi ofisini Jumatatu nikawaambia wenzangu nilikuwa na malaria. Tangu hapo tulikuwa tumekubaliana tujipe muda, halafu tujaribu upya. Siku ile kwenye korido, nilipokuwa nasema "nimekubali", jambo hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Yeye lilikuwa la kwanza kumpitia. Nilikuwa nimekubali ofa ambayo nusu yake ilikuwa inamhusu yeye.

Daftari

Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mume wangu akatoa daftari la kurasa 96 na kalamu, tukakaa mezani. Nikamwambia hesabu ni nyepesi, laki 5 juu, kuna nini cha kuhesabu? Akasema, "Tuanze na kile kinachofika mkononi."

Sasa na wewe chukua kalamu, maana hapa ndipo wengi tunapoanguka.

Mshahara wangu wa zamani, 1,400,000. Unaanza na mchango wa NSSF, asilimia 10, yaani 140,000. Inabaki 1,260,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi ya mapato, ile tunayoiita PAYE. Kwa viwango vya mwaka 2025, ukivuka milioni moja unakatwa 128,000, na juu ya hapo asilimia 30 ya kila kilichozidi milioni. Kwangu ilikuwa 206,000. Halafu kuna Bodi ya Mikopo. Sisi tuliosoma kwa mkopo wa serikali tunakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Hiyo ni 210,000. Nilichokuwa nabaki nacho: 844,000.

Tukaja kwenye ofa, 1,900,000. NSSF 190,000. Kodi 341,000. Bodi ya Mikopo 285,000. Kinachobaki: 1,084,000.

Nikatoa moja kwa nyingine mara mbili, nikidhani nimekosea. Ile laki 5 iliyonifanya niimbe njia nzima ilikuwa imebaki 240,000.

"Tusiwe na haraka," mume wangu akasema, kibenki benki. "Ya NSSF haijapotea, ni akiba yako, na mwajiri anaweka asilimia 10 nyingine juu yake. Ya Bodi nayo inapunguza deni. Lakini huwezi kulipia kodi ya nyumba kwa deni lililopungua."

Tukaendelea. Chumba na sebule maeneo ya Kisasa, kwa bei alizotutajia rafiki anayeishi kule, 150,000 kwa mwezi. Treni ya SGR, ambayo ilianza safari za Dodoma mwaka 2024 kwa nauli ya 31,000 daraja la kawaida: nikija Dar mara mbili kwa mwezi, kwenda na kurudi, ni 124,000. Chakula na nauli za mjini tukasema zifutane na zile ninazotumia Dar. Jumla ya gharama mpya: 274,000.

240,000 kutoa 274,000.

Tukatazamana. Yaani nilikuwa nimekubali kumwacha mume, kuhama nyumba, kuacha kazi ya kudumu, ili kila mwezi nipate hasara ya 34,000. Na nilikuwa nimesema "asante sana".

Maswali niliyokuwa naogopa kuuliza

Nina rafiki yangu wa chuo, tulilala chumba kimoja Mlimani miaka mitatu. Yeye alikuwa afisa utumishi kwenye mradi mmoja wa afya. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mradi ule ulifungwa na yeye akajikuta nyumbani ndani ya wiki chache, pamoja na wenzake wengi. Nikamfuata kwake Jumamosi na daftari langu kwapani.

Kitu cha kwanza aliniuliza: "Umeshaandika barua ya kuacha kazi?"

"Bado."

"Mungu anakupenda. Simu si mkataba. Usiache kazi mpaka uwe na karatasi yenye sahihi ya pande zote mbili. Ukishaisaini ndipo unatoa notisi. Anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka isipungue siku 28."

Akanipa orodha ya maswali, akiyahesabu kwa vidole kama mtu anayefundisha. Mkataba ni wa kudumu au wa muda maalumu? Kama ni wa mradi, fedha za mradi zinaisha lini? Kipindi cha majaribio ni miezi mingapi? Bima ni yangu peke yangu au na mwenza? Inahusu uzazi tangu siku ya kwanza au unasubiri kwanza? Nani analipia kuhama? Na katika huo mshahara, kiasi gani ni mshahara wa msingi na kiasi gani ni posho?

Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Na nyie mnatafuta mtoto, sivyo? Basi jua hili. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, likizo ya uzazi ni siku 84 kwa malipo, mapacha siku 100. Lakini mtu ambaye hajafikisha miezi sita kazini hana haki ya likizo zenye malipo zilizomo kwenye sheria ile. Na ndani ya miezi sita hiyo hiyo hujapata ile ngao ya kuachishwa kazi bila sababu. Miezi sita ya mwanzo unatembea bila mwavuli."

Moyo ukafanya paa! Hilo ndilo lilikuwa linanikaza tumbo tangu siku ya kwanza bila mimi kulijua jina. Kwenye kazi yangu ya zamani nilikuwa na miaka mitano ya mwavuli.

"Sasa nitaulizaje mambo ya uzazi?" nikasema. "Si watajua nataka kuzaa, waninyime kazi?"

"Usiulize uzazi. Omba kanuni za utumishi zote, na maelezo ya bima yote, kwa maandishi. Kila mtu makini anaomba. Utasoma mwenyewe nyumbani, na hakuna atakayejua ulifungua ukurasa gani kwanza."

Nilipokuwa natoka akaniambia jambo la mwisho. Kwenye mradi wao, mtu mwenye cheo kama hicho nilichopewa alikuwa analipwa milioni 2 na laki 3. Nikarudi nyumbani nikiwa na kitu ambacho sikuwa nacho kwenye usaili: bei ya sokoni.

Usiku tukafungua tena daftari, tukahesabu miezi kwa vidole. Nikianza kazi Mei, hata mimba ikiingia mwezi huohuo, mtoto anakuja Januari au Februari. Miezi sita imeshapita. Tukahesabu mara ya pili. Mume wangu akavuta pumzi. Hofu iliyokuwa kubwa kuliko nyumba ilikuwa imeisha kwa vidole tisa. Ila hofu nyingine ikabaki: tutakuwa tunaonana lini?

Kurudi baada ya kusema ndiyo

Sasa kazi. Nilikuwa nimeshasema nimekubali. Mtu anarudije nyuma bila kuonekana kigeugeu?

Nilipiga simu Jumatatu asubuhi, mkono unatetemeka. Nikasema, "Nashukuru sana kwa nafasi hii na bado naitaka. Kabla ya kusaini naomba barua ya ofa, rasimu ya mkataba, kanuni za utumishi na maelezo ya bima, nisome, nitawarudia kabla ya Ijumaa." Nikasubiri radi. Dada akasema, "Sawa, nakutumia mchana." Basi. Hivyo tu. Wiki nzima ya kuogopa kwa ajili ya sentensi mbili.

Karatasi zikaja. Mkataba wa miaka miwili. Majaribio miezi sita. Bima ya mfanyakazi pekee, mwenza hayumo. Uzazi ulikuwemo tangu siku ya kwanza, nikafunga macho nikashukuru. Gharama za kuhama: hakuna neno.

Nikaandika barua pepe ndefu. Nikaeleza kwamba nimeolewa, mume wangu yuko Dar, maisha ya nyumba mbili ni magumu, nauli, kodi, kila kitu. Nikampa mume wangu aisome. Akachukua kalamu akakata aya nzima.

"Hayo ni matatizo yetu. Wao hawayanunui. Msambazaji akikuambia bei imepanda kwa sababu mtoto wake anaumwa, unampa?"

"Simpi."

"Waambie watapata nini."

Tukaandika upya, mistari kumi na mbili. Kwamba kwenye kazi yangu nilipitia upya mikataba ya usafirishaji na kupunguza gharama kwa asilimia 12 ndani ya mwaka mmoja. Kwamba nafasi yao ina watu watatu wa kusimamia na zabuni za mikoa kadhaa, na kwa uzito huo naomba mshahara wa msingi wa 2,300,000. Kwamba naomba mwenza aingie kwenye bima, gharama za kuhama zilipwe, na Ijumaa moja kila baada ya wiki mbili nifanye kazi nikiwa Dar, ambako hata hivyo wasambazaji wao wengi wana ofisi. Na nikauliza fedha za mradi zimethibitishwa mpaka lini. Hakuna neno "samahani". Nilikuwa nimeliandika mara nne. Yote manne yakakatwa.

Nikabonyeza kutuma Jumatano saa nne asubuhi. Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Ijumaa mama akapiga simu, nikamweleza, akanyamaza kidogo, akasema, "Nilikwambia." Mwisho wa wiki sikula vizuri. Mara mbili niliandika meseji ya kusema "basi, ile ya mwanzo inatosha", mara mbili mume wangu akaninyang'anya simu.

Jumatatu akapiga mkuu wa idara mwenyewe. Mzee fulani wa sauti nzito, mcheshi kidogo. "Mama, umetuletea bei za Kariakoo."

"Shikamoo mzee. Mimi ni afisa manunuzi. Ningekubali bei ya kwanza, ungeniamini na hela zako?"

Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichofungua mlango, lakini hesabu haikuwa ya kucheka. Akasema bajeti inambana, anaweza kufika milioni 2. Kwenye manunuzi tuna mbinu moja ndogo: ukishataja bei yako, nyamaza. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Nilishika ukingo wa meza nikatazama saa ya ukutani. Sekunde kumi. Kumi na tano. "Milioni 2 na laki 1," akasema, "na hapo ndiyo mwisho, hata aje nani."

Bima na mwenza: sawa. Ijumaa moja kila wiki mbili: sawa, na nikaomba iandikwe kwenye mkataba, maana mkuu wa leo kesho anaweza kuhamishwa. Kuhama: watalipia mizigo na wiki mbili za hoteli. Muda wa mkataba: hapana, miaka miwili ni miaka miwili, ila fedha zimeshathibitishwa kwa kipindi chote, na akanitumia uthibitisho wa maandishi. Majaribio: hapana, miezi sita haiguswi. Niliomba sita, nikapata manne, na la mshahara nililipata nusu.

Nilimwambia nitampa jibu kesho. Sikusema ndiyo kwenye simu. Jioni nikarudi nyumbani, nikaweka daftari mezani, nikasema, "Sasa nakuuliza."

Milioni 2 na laki 1: ukitoa NSSF, kodi na Bodi, inabaki 1,180,000. Ni 336,000 zaidi ya mshahara wa zamani. Toa chumba na treni, inabaki faida ya 62,000 kwa mwezi. Elfu sitini na mbili si utajiri, tukubaliane. Kwa hela peke yake nisingekwenda. Lakini kulikuwa na cheo, kulikuwa na kuongoza watu kwa mara ya kwanza, kulikuwa na bima inayomhusu na yeye, na kulikuwa na Alhamisi jioni mpaka Jumapili, mara mbili kwa mwezi, ndani ya nyumba yetu. Mume wangu aliwaza muda mrefu. Akasema, "Miaka miwili tunaiweza. Lakini tukifika mwaka mmoja tunakaa tena hapahapa, tunahesabu upya. Na siku hiyo, ukiona haiendi, unarudi, na hakuna atakayesema umeshindwa."

Hilo la mwisho halikuwa kwenye mkataba wowote. Nililiandika mimi kwenye daftari, yeye akaweka sahihi.

Leo

Nimeshavuka ile miezi sita. Kazi naipenda. Wale watu watatu wamenifundisha mengi kuliko niliyowafundisha. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Jumapili jioni kwenye stesheni tunasimama kama watu wasiojuana, kwa sababu tukianza kuagana vizuri mmoja wetu atalia. Masaa manne hivi ya treni nayatumia kulala au kujifanya nimelala. Kuna siku napika wali wa watu wawili kwa mazoea, nakula mpaka kesho yake mchana. Mtoto? Bado. Tunajaribu, tunamwomba Mungu, na tumeacha kuwajibu wanaouliza.

Mama siku hizi anawasimulia majirani jinsi binti yake "alivyopatana na wakubwa". Ukimsikiliza, utadhani yeye ndiye aliyenifundisha.

Ukinipigia leo kuniambia umepata ofa, nitakuambia shukuru, halafu omba karatasi, halafu omba siku tatu. Hakuna mwajiri makini anayemfukuza mtu kwa kusoma mkataba. Na yule anayekasirika kwa kuulizwa maswali, bora umjue kabla ya kuhamisha kitanda. Piga hesabu ya kinachofika mkononi. Usitaje mshahara wako wa zamani kabla hujajua bei ya kazi mpya. Na kabla ya yote hayo, kaa na yule mtakayeubeba pamoja huo mkataba, hata kama sahihi ni ya mmoja.

Wiki mbili zilizopita nilifika nyumbani Alhamisi usiku, nimechoka, nanuka safari. Mume wangu alikuwa ameshapika. Nikaona daftari liko mezani, limefunguliwa ukurasa mpya, na kalamu juu yake.

"Kuna nini?"

"Benki nyingine wamenipigia. Wananitaka."

"Wapi?"

"Kaa kwanza ule," akasema. "Sijawajibu. Nimewaambia nitawarudia Jumatatu."